Kozi ya mtandaoni kuhusu kuunganisha masoko ya gesi: wiki ya pili peke yake inarudisha ada

Aibu ndiyo iliyonipeleka kwenye kozi hii. Kazi yangu ni kupitia mikataba ya kuuza na kusafirisha gesi asilia, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikikutana na maneno "mahali pa kukabidhiana gesi" nikiyapita tu kama mtu anayepita kibao barabarani. Siku moja kikaoni bosi akaniuliza: kama mahali penyewe hapapo ardhini, papo kwenye kompyuta tu, kifungu chetu kinasemaje? Nikafungua mkataba, nikafunga, nikasema nitarudi na jibu. Usiku huo nikalipia kozi.

Ni ya wiki sita: video fupifupi, makala za kusoma, maswali kila mwisho wa wiki, na mchezo wa kompyuta wiki ya tatu. Chuo sitakitaja kwa kuwa nina manung'uniko yangu nacho, na sitaki mtu akidhani nimetumwa na washindani.

Wiki ya kwanza irukeni kama mnajua gesi hupimwa kwa mita za ujazo lakini huuzwa kwa joto lake. Kipande kimoja tu kilinikamata, cha Groningen. Gesi ya kisima hicho cha Uholanzi, kilichogunduliwa mwaka 1959, ilikuwa na nitrojeni nyingi na joto pungufu, na majiko na boila za Uholanzi na za sehemu za Ujerumani, Ubelgiji na Ufaransa zikarekebishwa ziendane nayo. Kwa hiyo palikuwa na mitandao miwili ya mabomba kandokando, na gesi nzuri kutoka kwingine ilibidi itiwe nitrojeni makusudi, yaani iharibiwe kidogo, ndipo iingie kwenye mtandao wa Groningen. Groningen iliacha kuzalisha Oktoba 2023, lakini majiko hayabadiliki kwa tangazo.

Sasa wiki ya pili. Mwalimu ni mhandisi mstaafu, anaongea taratibu, anachora kwa kalamu badala ya kusoma slaidi. Alichora Ufaransa na Ujerumani, akachora bomba kati yao, akauliza: bomba lipo, wauzaji wapo, wanunuzi wapo, kwa nini gesi ilikuwa ikienda upande mmoja tu? Nikasimamisha video nikawaza: bei, siasa, presha ya bomba. Nikakosa yote. Jibu ni harufu.

Gesi asilia haina harufu. Harufu ile tunayoijua hutiwa ili mtu atambue ikivuja. Ufaransa huitia mapema, kwenye mabomba makubwa ya taifa. Ujerumani huitia mwishoni, kwenye mabomba madogo ya mijini. Gesi ya Ujerumani ikiingia Ufaransa hakuna tatizo, inatiwa harufu mpakani. Ikigeuka, kuna kemikali yenye salfa ndani yake, na mtandao mkubwa wa Ujerumani haukutengenezwa kuipokea. Hali ilibaki hivyo kwa miaka mingi, hadi gesi ya Urusi ilipokatika mwaka 2022, na Oktoba mwaka huo Ufaransa ikaanza kupeleka kiasi kwa jirani baada ya mafundi kufanya marekebisho. Nimesoma ripoti nyingi zinazosema "vikwazo vya kiufundi" na sikuwahi kujua kwamba kikwazo chaweza kuwa kitu unachokinusa jikoni.

Wiki hiyohiyo akaingia kwenye tozo. Ukivusha gesi nchi tatu, kila mwenye bomba anakata chake mpakani, na mteja wa mwisho anajikuta analipia safari kuliko gesi. Mfano wake ulikuwa wa Ufini, Estonia na Latvia. Mwaka 2020, bomba la Balticconnector lilipoanza kazi chini ya bahari kati ya Ufini na Estonia, nchi hizo tatu zilifuta tozo kwenye mipaka ya ndani, zikabaki na tozo moja ya kuingilia kundi zima. Lithuania ilibaki nje, japo ndiyo iliyokuwa na kituo cha kupokelea gesi iliyosindikwa, yaani iliyopozwa ikawa kimiminika ili isafiri melini, kule Klaipėda tangu 2014. Mwalimu hakulipamba jambo hili: kufuta tozo ni rahisi kusema, kugawana mapato yaliyobaki kati ya wenye mabomba ndiyo ngoma yenyewe. Nilitamani angetuonyesha hesabu hizo kwa mifano. Hakuonyesha.

Mchezo wa wiki ya tatu niliucheza mara nne. Wewe ni msafirishaji: una wateja watatu, unanunua nafasi ya bomba kwenye mnada, halafu kila siku unatangaza mapema utaingiza kiasi gani na utatoa kiasi gani. Kioo kina mstari wa kijani unaoonyesha hali ya bomba. Siku ya sita niliingiza gesi yote kama kawaida nikasahau ujumbe uliokuja asubuhi kwamba kiwanda cha mbolea kimezimwa kwa matengenezo. Mstari ukawa wa njano, kisha mwekundu. Mwendeshaji wa mtandao akauza gesi yangu iliyozidi kwa bei ya kutupa na kuniandikia deni la kutosawazisha, yaani la kuingiza kisicholingana na ninachotoa. Faida ya siku tano ikafutika kwa ujumbe mmoja nisioufungua. Kumbe kile kifungu cha kutosawazisha ninachokutana nacho kazini, ambacho kila mtu hukinakili kutoka mkataba wa zamani, ndicho kinachoamua nani atafilisika wakati wa baridi kali.

Lakini mchezo hauhifadhi ulipofikia. Intaneti ikikatika unaanza upya, na mara mbili ilinikatikia siku ya ishirini. Niliandika kuomba msaada. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, nalo lilikuwa kiungo cha ukurasa wa maswali ya kawaida ambao nilikwisha kuusoma.

Wiki ya nne ndiyo iliyonikasirisha, na nimeikasirikia kwa sababu ilianza vizuri. Ni habari ya Chile na Argentina. Miaka ya tisini walitia saini, bomba la GasAndes likavuka milima mwaka 1997, Chile ikajenga mitambo ya umeme ya kutegemea gesi ya jirani. Argentina nayo ikashikilia bei ya ndani chini baada ya kuanguka kwa uchumi wake, watu wakatumia zaidi, wachimbaji wakapunguza kuwekeza, na mwaka 2004 gesi ya kwenda Chile ikaanza kukatwa. Kozi inaishia hapo, kwa picha ya bomba tupu na onyo kuhusu kumtegemea jirani.

Hadithi haijaishia hapo! Chile ilijenga vituo vya kupokea gesi iliyosindikwa, Quintero mwaka 2009 na Mejillones mwaka uliofuata. Mwaka 2016 gesi iliyoshuka melini ikapita bomba lilelile la milimani kwa mwelekeo wa kinyume, ikaenda kuwapasha joto Waargentina. Mwaka 2018 Argentina, baada ya kupata gesi ya Vaca Muerta, eneo lake la kuchimbia, ikaanza kuuza tena Chile. Kwa mtu anayetafuta njia za kuunganisha masoko, nusu hii ya pili ndiyo yenye mafunzo: bomba linalopitisha pande mbili, na bandari ya kumpa mnunuzi pa kukimbilia, vilirudisha biashara ambayo mkataba peke yake ulishindwa kuilinda. Kuikata hadithi mwaka 2004 ni kumfundisha mwanafunzi woga.

Wiki ya tano ni ya Ulaya, Ulaya, na Ulaya tena. Sheria za mwaka 2009 za kumtenganisha mwenye bomba na muuza gesi zimeelezwa vizuri, sina neno. Tatizo ni kwamba tunaambiwa tuige bila kuulizwa kama tuna wauzaji wa kutosha. Bomba la Afrika Magharibi, kilomita 678 kutoka Nigeria kupitia Benin na Togo hadi Ghana, limepewa slaidi moja. Pale chanzo kilikuwa kimoja. Agosti 2012 nanga ya meli ililipasua karibu na Togo, na gesi haikurudi hadi katikati ya mwaka uliofuata. Mnada wa nafasi ungesaidia nini siku hiyo? Kilichobadilisha mambo ni Ghana kupata gesi yake upande wa magharibi na kuanza kuirudisha mashariki, Takoradi hadi Tema, kwa bomba hilohilo. Hilo halimo kwenye slaidi.

Mtihani wa mwisho ni insha inayosahihishwa na wanafunzi wenzako. Mmoja alinipa alama mbili kati ya kumi kwa kuwa "hukutaja mnada". Nilikuwa nimeandika kuhusu harufu. Cheti nimepata, kina jina langu limekosewa herufi moja.

Nampendekezea nani? Mwanasheria, mhasibu, mtu wa wizara, yeyote anayeshika karatasi za gesi bila kushika gesi yenyewe. Mhandisi wa mabomba atachoka kufikia wiki ya tatu. Lipieni, soma ya pili na ya tatu kwa makini, ya nne mmalizie wenyewe.

Kwa bosi nilirudi na jibu. Mahali pasipo ardhini, mfano wa ule wa Uingereza wa mwaka 1996 au wa Uholanzi wa 2003, panachukulia eneo zima kama chumba kimoja: muuzaji aingizie mlango wowote, mnunuzi atolee wowote, na kukabidhiana ni maandishi kati ya akaunti mbili. Presha na ubora wa gesi havina kazi hapo. Kinachohitajika ni wote wawili kupeleka taarifa zinazolingana kwa mwendeshaji, na mkataba useme hasara ni ya nani zisipolingana. Wetu hausemi, una ukurasa mzima wa presha. Akaniambia niandike upya kifungu cha tisa. Ndicho kilicho mbele yangu sasa hivi, na bado sijakubaliana na nafsi yangu kama anayekosea saa moja alipe siku nzima.