Kikundi cha hisa au klabu ya Toastmasters: uongozi ujifunzie wapi?

Kwa gharama, kikundi cha hisa, yaani cha kuweka na kukopa, kinashinda bila ubishi: mikopo ikirejeshwa, hisa zako hurudi na faida mwisho wa mzunguko, kwa kawaida baada ya mwaka. Toastmasters, mtandao wa klabu za kujifunza kuhutubia na kuongoza ulioanzia California mwaka 1924, hutoza ada kila baada ya miezi 6.

Hoja nzito zaidi ni kipi kinakufundisha kufikiri. Kikundini mwenzako anaomba mkopo, nawe lazima uulize: biashara gani, marejesho yatatoka wapi? Ukinyamaza, fedha za jirani zinapotea. Sanduku la fedha lina kufuli 3 na funguo ziko kwa watu 3, hivyo uwajibikaji unaushika mkononi. Tatizo ni kumkosoa mwenyekiti ambaye pia ni shemeji yako, wengi hushindwa. Klabu imetatua hilo vizuri mno: kila hotuba ina mtathmini wake, na swali la ghafla hujibiwa kwa dakika 1 hadi 2.

Mahudhurio yanadaiwa kote, ila klabu nyingi ziko mijini na huendeshwa kwa Kiingereza.

Ukiongoza mradi wa kijiji, anza na kikundi. Ukiwa na biashara inayokua lakini unatetemeka mbele ya wakopeshaji, klabu itakufaa zaidi.