Shahada ya sheria: Mlimani au Chuo Kikuu Huria?

Kijana aliyemaliza kidato cha sita, mwenye nafasi ya kushinda darasani, nitamshauri Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako masomo ya sheria yalianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kabla ya chuo kuhamia Mlimani. Huko hujifunza kujenga hoja ana kwa ana. Katika mahakama ya mfano husimama mbele ya wenzake, kabrasha mkononi, karatasi zikitetemeka, hadi sauti inapotulia, na ujasiri huo haupatikani kwa kusoma peke yake.

Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kinachofundisha kwa masafa, kinamfaa zaidi karani au askari mwenye familia, anayefungua vitabu usiku baada ya kushuka daladala Gongo la Mboto. Namheshimu sana mwanafunzi huyu, ila atafute kundi la kujadiliana nalo mapema.

Kwa njia zote mbili, anayetaka uwakili kwa kawaida hupitia kwanza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, wakati benki, bima na idara za rasilimali watu nazo huhitaji wenye shahada ya sheria.