Nyota nne kwa mawakili waliotutoa kwenye ndoa iliyokwama kati ya Toronto, London na Warsaw

Naandika hapa nikiwa bado nimefungua ile PDF kwenye simu, amri ya mwisho ya talaka, ukurasa mmoja tu, jina langu, jina lake, namba ya kesi, muhuri wa mahakama, basi. Nimeisoma sijui mara ngapi. Imetuchukua zaidi ya mwaka kuipata na muda mwingi kwenye huo umeliwa na ofisi ya kwanza tuliyoilipa, ambayo siitaji jina, na hii ya pili iliyotusaidia nayo naiacha bila jina maana kesi sio yangu peke yangu, mwenzangu ana faragha yake na namheshimu.

Tulioana Toronto 2009, wanawake wawili, wote wageni. Kanada ilikua imeshapitisha sheria ya ndoa za jinsia moja tangu 2005 na haidai uwe mkazi, unachukua leseni, unafunga ndoa, unapanda ndege unaondoka. Kuingia ni wiki moja. Kutoka sasa ndo utajua, kwa sababu sheria yao ya talaka inataka angalau mmoja wenu awe amekaa kwenye jimbo mwaka mzima kabla ya kufungua kesi, na sisi hakuna aliyewahi kukaa pale hata mwezi. Tulipoachana 2019 yeye akabaki London, mimi kazi ikanileta Warsaw, na katiba ya Polandi ibara ya 18 inaongelea ndoa kama muungano wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo mahakama ya huku unaiambiaje ivunje kitu ambacho kwake hakipo? Nikijaza fomu ya London mimi ni mke wa mtu, nikijaza ya Warsaw sijaolewa, siku hiyohiyo, mtu yuleyule. Nimeishi hivyo miaka na inachosha jamani, inachosha kuliko kuachana kwenyewe.

Ofisi ya kwanza nilikutana nayo onlaini, wanajitangaza kwamba wanashughulikia talaka za Kanada kwa walio nje ya Kanada. Nikawaandikia, jioni hiyohiyo wakajibu kwa uchangamfu kabisa, wakasema ipo sheria ya 2013 kwa ajili ya watu kama nyie, lipeni nusu tuanze. Na kweli ipo, hapo hawakudanganya. Mwezi wa kwanza 2012 kulikua na kesi Toronto ya wanawake wawili waliooana pale 2005, mmoja anaishi Florida mwingine London, wameomba talaka, afu wakili wa serikali akaja na hoja kwamba ndoa yenu hata haikua halali maana huko mnakoishi haitambuliki. Fikiria watu waliokua wamesafiri toka kila kona kwenda kuoana pale, wanaamka asubuhi wanasikia huenda hawajawahi kuoana. Kelele zikawa nyingi, waziri wa sheria Rob Nicholson akaahidi watarekebisha, na sheria ikaanza kutumika Agosti 2013. Inasema ndoa zile ni halali, na inaruhusu mahakama ya jimbo mlikooana iwape talaka hata kama hamuishi Kanada.

Ila ina masharti na hapa ndipo tulipoumia. Muwe mmetengana mwaka mzima, hakuna kati yenu anayeishi Kanada, na KILA MMOJA awe amekaa mwaka mzima kwenye nchi ambako hawezi kupata talaka kwa sababu nchi hiyo haiitambui ndoa yenyewe. Kila mmoja, sio mmoja wenu. Mimi Polandi nilikua natosha. Yeye London hatoshi, kwa sababu England na Wales zinaitambua ndoa yetu kama ndoa tangu Machi 2014 (kabla ya hapo walikua wanaihesabu kama ubia wa kiraia, yani muungano uliosajiliwa lakini hauitwi ndoa, kuna wanandoa waliooana British Columbia wakaenda mahakamani England 2006 kudai ndoa yao iitwe ndoa na wakashindwa). Sasa wale mawakili hawakuniuliza hata siku moja mwenzangu anaishi wapi. Anwani yake ya London ilikua kwenye fomu yao wenyewe, ukurasa wa pili, nimeijaza mimi kwa mkono wangu. Miezi saba baadae maombi yakarudi, na wao wakanitumia barua pepe ya mistari mitatu kwamba "kuna changamoto ya makazi" na wako tayari kuangalia njia nyingine kwa malipo mapya. Pesa haikurudi. Nililia siku ile, nasema ukweli, sio kwa ajili ya pesa, ni kumpigia mwenzangu na kumwambia bado tumeoana.

Ofisi ya pili iko London, nilipewa na rafiki. Simu ya kwanza dakika ishirini na tano, bure, na kabla hata sijamaliza kusimulia yule mwanasheria akanikatisha kwa upole akaniuliza: kila mmoja wenu amelala wapi miezi kumi na miwili iliyopita, uraia gani, mlifunga ndoa wapi, na cheti mlichonacho ni kipi, kishike ukiweke mbele ya kamera. Nikakiweka. Kizuri, kina maua pembeni na saini za mashahidi wetu. Akasema samahani dada, hicho ni cha kumbukumbu tu mlichopewa siku ya harusi, mahakama inataka cheti rasmi cha msajili wa Ontario. Miaka kumi na nne nimetunza karatasi isiyo yenyewe! Akanielekeza niombe kwa msajili mkuu kule Thunder Bay, kikaja kwa posta, cha kawaida kabisa hakina hata ua moja.

Afu akaeleza kwamba maadamu mwenzangu makazi yake ya kawaida ni London, mahakama ya England ina mamlaka, mlikooana haijalishi. Tangu Aprili 2022 hakuna tena haja ya kumtupia mwenzako lawama na mnaweza kuomba pamoja, kwa hiyo hakuna mlalamikaji wala mlalamikiwa, na hicho kwetu kilikua kitu kikubwa sana maana hatukua na ugomvi. Ada ya mahakama karibu pauni 600, tukagawana. Wiki 20 za kusubiri toka maombi yapokelewe, amri ya masharti (mahakama inakubali mnastahili talaka ila ndoa bado haijavunjwa), wiki nyingine sita, amri ya mwisho. Alivyosema ndivyo ilivyokwenda. Hakunipa tarehe hata moja ambayo baadae alikuja kuibadilisha, na kwa mtu aliyetoka kule nilikotoka hiyo pekee inatosha kuwapa nyota tatu.

Niliwauliza pia kuhusu watu wengine ninaowajua wamekwama kivyao. Wakasema, kama wote wawili mnaishi nchi zisizotambua na mlioana Kanada, basi ile sheria ya 2013 ni yenu, ila lazima muombe pamoja au mwenzako akubali, asipokubali bila sababu au hapatikani mnahitaji amri ya mahakama kwanza, na haigusi mali wala watoto. Kama mlioana England na mnakoishi hakuna anayewasikiliza, mahakama ya pale inaweza kuwapokea kama njia ya mwisho kwa ajili ya haki. Marekani uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 26 Juni 2015, ulioruhusu ndoa za jinsia moja nchi nzima, ulimaliza kero ya majimbo kama Texas yaliyokua yanakataa kuvunja ndoa zilizofungwa kwingine, lakini mgeni aliyeenda kuoana akarudi kwao bado anagonga ukuta wa makazi, isipokua sehemu chache kama California. Na Afrika Kusini, ambayo imeruhusu ndoa hizi tangu 2006, inataka mmoja wenu awe na makao ya kudumu pale au awe ameishi mwaka mzima, kwa hiyo mliooana Cape Town mkaondoka, msidhani cheti peke yake kitawarudisha mahakamani.

Nyota ya tano nimeizuia kwa jambo moja. Hawakutuambia mapema kwamba amri ya talaka England haifungi masuala ya fedha. Yani hata baada ya talaka, madai ya pesa kati yenu yanabaki wazi mpaka mahakama itoe amri ya kuyafunga, na mtu akioa au kuolewa tena kabla hajaombea haki yake anaweza kuipoteza. Mwenzangu anafunga ndoa mwezi ujao, na hili tumelijua wiki moja kabla ya amri ya mwisho, nilipouliza mimi. Ikabidi tukae kwenye simu usiku tunaandika nani anabaki na nini, pensheni, akiba, lile deni la zamani la kadi, vitu ambavyo tungevimaliza kwa utulivu miezi mitano nyuma. Walikiri kosa na kazi hiyo hawakuchaji, ila barua pepe zao wakati ule zilikua zinachukua siku nne tano kujibiwa na sisi tuna roho juu.

Msajili wa ndoa wa London ameshaipokea ile PDF, mwenzangu amenitumia ujumbe jana, neno moja tu, "Imekubalika." Amri ya fedha bado iko kwa jaji. Ikitoka kabla ya harusi yake nitarudi hapa kuongeza ile nyota.