Uzoefu wangu: mrija wa mkononi kwa wiki tisa, kisha porti ya kifuani

Natibiwa saratani ya utumbo mpana. Kila baada ya wiki mbili huwekewa dawa hospitalini kwa saa chache, kisha narudi nyumbani na kichupa cha fluorourasili, dawa ya saratani, kinachoning'inia kiunoni na kuniingizia dawa kidogo kidogo kwa saa 46. Kanula ya kawaida, yaani kile kijimrija kifupi cha muda kinachochomwa mshipani mkononi, haifai kwa dawa hiyo ya siku mbili, hivyo nilihitaji njia ya kudumu.

Mrija wa kwanza uliingizwa juu ya kiwiko, ncha yake ikafika karibu na moyo. Kuuweka hakukuuma, kuishi nao ndiko kulikonichosha. Kila wiki bandeji ilibadilishwa na mrija ukasafishwa kwa maji ya chumvi, na kuoga kulikuwa kwa mkono uliofungwa mfuko wa nailoni, nimeuinua juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Katika zahanati moja, muuguzi alifungua kifuniko bila kukipangusa kwa spiriti, akachukua bomba la sindano la mililita mbili. Nilimzuia kwa adabu, kwa kuwa nilikwisha kufundishwa kwamba bomba dogo husukuma kwa shinikizo kubwa linaloweza kupasua mrija, na ndiyo sababu hutumika la mililita 10. Alinuna, lakini alibadilisha.

Wiki ya tisa mkono ulivimba hadi pete ikagoma kutoka. Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha damu imeganda mshipani. Mrija ukatolewa, nami nikaanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda.

Sasa nina porti, kidude cha ukubwa wa sarafu kilichofukiwa chini ya ngozi, kwenye kifua. Huchomwa kwa sindano yake maalumu, na isipotumika husafishwa takriban mara moja kwa mwezi. Ni ghali zaidi, na inahitaji upasuaji mdogo wa kuiweka na mwingine wa kuitoa. Hata hivyo, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 1,000, ulikuta matatizo kwa asilimia 32 ya waliowekewa porti, dhidi ya asilimia 47 ya wenye mrija wa mkononi walipolinganishwa nao. Kwa tiba ya miezi mingi, ningeomba porti tangu siku ya kwanza.

Wasiwasi haujaisha, kwani vijidudu vikiingia humo hufika kwenye damu moja kwa moja. Kipimajoto kipo kando ya mto wangu. Kikisoma 38, hata iwe saa nane za usiku, mume wangu anajua tunakwenda hospitali, si duka la dawa.