Geji na takometa za bei nafuu kwa gari unalolifufua: mpangilio wa manunuzi kwa watu wa Mtwara na Lindi

Anayefufua gari kuukuu huku kusini, iwe Corolla KE70 iliyolala chini ya mwembe Mikindani au Land Rover ya ukoo kule Nachingwea, mara nyingi hela yake ya kwanza ya deshibodi huiweka kwenye takometa, yaani geji ya mizunguko ya injini. Mshale unaopanda kila ukikanyaga mafuta unapendeza, sibishi. Lakini kama una hela ya geji moja tu, nunua ya presha ya oili. Ya pili iwe temperecha ya maji, ya tatu volti, na takometa ije ya nne.

Sababu iko kwenye ile taa nyekundu ya oili uliyonayo sasa. Taa hiyo huwaka presha ikiwa imeshuka hadi chini ya bar 0.5 hivi, na ukifika hapo ukiwa kwenye mwendo, beringi za injini zimekwisha kuanza kusagika. Geji inakuonyesha kushuka kwenyewe: mwezi huu inasoma hivi injini ikiwa ya moto, mwezi ujao imepungua, unajua pampu au beringi zinaomba kazi. Kipimo cha kukadiria ambacho mafundi wengi wanakitumia ni psi 10 kwa kila mizunguko 1000 ya injini kwa dakika, yaani kama bar 0.7. Injini ya moto kwenye mizunguko 3000 ikikupa psi 30 au zaidi, endelea na safari.

Temperecha nayo ina ujanja wake. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni, mshale wa kiwandani umetengenezwa ukae katikati hata maji yakipanda kwa nyuzi kadhaa, ili dereva asihangaike. Unapoanza kupanda, umeshachelewa. Ukiwa unapanda uwanda wa Makonde kwenda Newala msimu wa korosho, magunia nyuma na jua la saa nane kichwani, unataka kuona nyuzi 90 zikigeuka 98, upunguze mwendo au usimame gari lipoe kabla silinda hedi haijapinda. Kwa mtu aliye zaidi ya kilomita 500 kutoka maduka ya Kariakoo, silinda hedi iliyopinda ni wiki za kusubiri.

Sasa tuje kwenye aina, kuanzia ninayoipendekeza zaidi.

Nafasi ya kwanza naipa geji za moja moja zenye kipenyo cha milimita 52. Hicho ndicho kipimo cha kawaida duniani, kwa hiyo ikiharibika moja unaweka ya kampuni nyingine kwenye tundu lilelile. Kwa maji, chukua ile isiyotumia umeme, yenye mrija mwembamba wa shaba unaotoka kwenye geji hadi kwenye injini. Haitaki betri wala ethi, na inasoma hata waya zote zikiwa zimeliwa na chumvi. Sharti lake moja: mrija usikatwe wala usikunjwe kwa nguvu, maana ukitoboka geji yote imekwisha. Urefu uliobaki uuviringe mviringo mpana nyuma ya deshibodi.

Kwa oili nashauri kinyume chake, chukua ya umeme. Geji ya oili isiyo ya umeme ni rahisi zaidi na husoma vizuri, ila inaleta oili yenyewe ya moto hadi ndani, karibu na magoti yako. Nyingi za bei ya chini zinakuja na mrija wa plastiki. Kwenye barabara ya vumbi na matuta kama ya kwenda Liwale, mrija huo unasuguana na bodi mpaka unapasuka. Kama ndiyo pekee unayoimudu, badilisha plastiki uweke mrija wa shaba au hozi ya kusuka, na pale unapopita kwenye bodi uvalishe mpira.

Kwa jina, VDO ya Ujerumani imezoeleka kwenye malori na mitambo, na kuipata iliyotumika si kazi kubwa. Defi ya Japani ni nzuri sana lakini bei yake si ya mradi wa kubana matumizi. Hizi za Kichina zisizo na jina kuna nzuri na kuna mbaya, ndiyo maana jambo linalofuata ni la kulishika.

Sensa, yaani kile kipande kinachofungwa kwenye injini na kuipelekea geji ya umeme kipimo, ni lazima iwe ya familia moja na geji. Sensa nyingi za oili za VDO zinaanza na omu 10 (kipimo cha ukinzani wa umeme) presha ikiwa sifuri, kisha zinapanda hadi omu 180. Nyingi za Kimarekani zinaanza omu 240 zikishuka hadi 33. Ukichanganya, mshale unakwenda kinyumenyume: gari likizimwa unasoma presha ya juu, likiwaka unashuka. Muuzaji akikuambia “sensa zote ni moja”, shukuru na uende duka la pili. Nunua geji na sensa yake kwenye boksi moja.

Meno ya sensa nayo yanawasumbua wengi. Toyota, Nissan na Mitsubishi hutumia zaidi meno ya 1/8 ya BSPT (kipimo cha Kiingereza), wakati geji nyingi za dukani zinakuja na 1/8 ya NPT (cha Kimarekani). Kwa macho zinafanana kabisa, na sensa inaingia mizunguko miwili mitatu kisha inakaza. Moja ina meno 28 kwa inchi, nyingine 27. Fundi akilazimisha kwa spana kwenye injini ya aluminiamu, anapasua tundu. Ulizia adapta ya kubadilisha meno kabla ya kulipa. Na ile tepu nyeupe ya mafundi bomba usiizungushe tele, kwa sababu sensa nyingi zina waya mmoja tu na zinapata ethi kupitia meno hayohayo.

Nafasi ya pili ni njia ambayo watu wengi wanaipita bila kuiona: deshibodi iliyotumika ya gari la aina ileile, la daraja la juu. Toyota nyingi za bei ya chini zilitoka kiwandani bila takometa huku ndugu zake za daraja la juu zikiwa nayo. Unatafuta deshibodi ya mwaka na umbo lilelile kwa wauza spea zilizotumika, unaangalia soketi za nyuma kama zinafanana, unabadilisha. Hapo umepata takometa ya kiwandani, yenye mwanga unaolingana na gari, kwa bei ambayo aghalabu ni chini ya takometa mpya yenye jina. Mara nyingine waya mmoja wa ishara unakosekana na inabidi uvutwe. Fundi umeme mzuri anauvuta asubuhi moja.

Nafasi ya tatu ni ile seti ya geji tatu kwenye bati moja la kuning'iniza chini ya deshibodi: oili, maji, volti. Ndiyo ya bei ya chini kuliko zote na inapatikana kirahisi. Inafaa kwa gari la kazi. Kabla hujalipa, angalia mambo haya: kama moja ya hizo tatu ni ya ampea badala ya volti, iache. Geji ya ampea ya mtindo wa zamani inapitisha umeme wote wa gari ndani yake, na waya ukilegea kinachofuata ni moto. Volti inatosha: 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa na betri imejaa, na kati ya 13.8 na 14.4 alteneta ikichaji. Na kioo cha mbele kikiwa kinacheza ukikibonyeza kwa kidole, hewa ya chumvi ya Shangani na Kilwa Masoko itaingia, uso utafanya ukungu, kisha kutu.

Kifaa cha OBD cha bluetooth, kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari na kusomwa kwenye simu, nakiweka nafasi ya nne, na kwa magari mapya tu. Kinakupa mizunguko, maji na volti kwa hela kidogo sana, lakini presha ya oili kwenye magari mengi hakionyeshi, na magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 hakiyasomi kabisa.

Ya mwisho kabisa ni takometa kubwa ya kubandika juu ya deshibodi, yenye taa ya kubadilishia gia. Kama umeshanunua zile tatu na bado unaitaka, basi uinunue kwa akili. Geuza uangalie kama ina swichi ya silinda 4, 6 na 8. Injini ya silinda 4 inatoa ishara mbili kwa kila mzunguko, ya 6 inatoa tatu. Swichi ikiwa kwenye 6 na injini yako ni ya 4, mizunguko 3000 itasomeka 2000. Kwenye gari lenye koili moja ya kuwasha plagi, waya wa ishara unafungwa upande hasi wa koili. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kiboksi cheusi chini ya boneti chenye tundu lililoandikwa IG-, ishara unaichukua hapo. Dizeli haina koili, kwa hiyo takometa ya petroli haitasoma kitu. Tafuta inayochukua ishara kutoka nguzo ya W ya alteneta (sehemu ya kufungia waya iliyoandikwa W) na inayoweza kurekebishwa. Wenye Land Cruiser za dizeli za zamani wapime umeme kwanza: baadhi ni za volti 24, na geji ya volti 12 itaungua papo hapo.

Wengi wetu tunaagiza Dar es Salaam, mzigo unakuja na basi. Usikubali kutuma hela yote kabla muuzaji hajakutumia video ya geji ikipimwa. Kwa ile ya maji kipimo ni chepesi na hata wewe nyumbani unakirudia mzigo ukifika: sufuria ya maji jikoni, kichwa cha shaba kilicho mwisho wa mrija kikining'inia ndani bila kugusa chuma, subiri yachemke. Hapa pwani mshale ukae kwenye 100. Newala kule juu maji huchemka chini kidogo ya hapo. Ukitofautiana kwa nyuzi mbili tatu, funga geji. Ukitofautiana kwa kumi, irudishe na basi la kesho yake.