Ng'ombe wa mnada wa Pugu: yupi ana nyama, yupi ana umbo tu

Karibuni tena, watazamaji. Leo bidhaa tunayochambua ina miguu minne na inashushwa kwenye fuso: ng'ombe wa nyama wa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Pale wanakutana ng'ombe wa karibu kila kona ya Tanzania Bara kabla ya kwenda Vingunguti na machinjio mengine. Kama una bucha, au unatafuta wa kunenepesha, au kamati ya harusi imekupa fungu la hela na kukutuma, video hii ni yako.

Kinachokula hela za watu wengi pale ni kununua kwa kimo. Dalali anakuonyesha dume refu, pembe ndefu, unalipia. Akishachinjwa unabaki na kichwa kikubwa, tumbo kubwa na paja jembamba. Hesabu ya kweli ni moja: gawa bei kwa kilo za nyama yenye mfupa, ukishatoa kichwa, ngozi, kwato na matumbo. Ng'ombe wa kienyeji aliyelishwa nyasi tu hutoa kama asilimia 45 hadi 50 ya uzito wake hai. Aliyenenepeshwa vizuri huvuka 50. Chukua mfano wa hesabu, si bei ya leo: dume wa kilo 250 anayetoa asilimia 48 ana kilo 120 za nyama, kwa 1,200,000 umelipa 10,000 kwa kilo. Jirani yake ana kilo 320 lakini anatoa 45, yaani kilo 144. Kwa 1,600,000 umelipa zaidi ya 11,000. Mkubwa ndiye ghali.

Wengi mtakaowaona ni zebu wa pembe fupi, ng'ombe wetu wa kienyeji. Dume aliyekomaa wa kundi hili kwa kawaida huwa kati ya kilo 200 na 350. Ndani ya kundi kuna koo: Masai, Gogo, wekundu wa Iringa, weupe wa Singida, Mkalama, Tarime. Ila tahadhari, mkoa ulioandikwa kwenye kibali cha kusafirisha mifugo si ukoo wa ng'ombe. Wafugaji wamehama sana. Baada ya kuondolewa Ihefu, bonde la Usangu, mwaka 2006 na 2007, mifugo mingi ilipelekwa Lindi na Pwani, na makundi ya Wasukuma yako Katavi, Rukwa na Morogoro. Kwa hiyo ng'ombe "wa Lindi" anaweza kuwa na asili ya Shinyanga. Kibali kinakwambia ametoka wapi juzi, na hilo lina faida yake kwa sababu linakwambia umbali aliosafiri na malisho aliyoyaacha.

Haya, tuanze na wa Dodoma. Hawa wengi wamepita mnada wa Kizota. Ni wadogo, mifupa myembamba, na safari yao ni fupi, kama kilomita 450, hivyo wanafika bado wana nguvu. Kwa kilo moja ya nyama, mara nyingi hawa ndio bei nzuri. Udhaifu wao ni kwamba ushuru, usafiri na uchinjaji hulipwa kwa kichwa. Ukihitaji kilo 240 utachinja wawili, na gharama hizo zinajirudia. Steki yao pia ni ndogo, hoteli haziipendi. Wa Singida sioni sababu ya kuwatenganisha na hawa. Weupe hauongezi kilo.

Wa Kanda ya Ziwa ni makundi mawili, na hapa ndipo macho yanatakiwa. Kundi la kwanza ni maksai wa plau. Mtazame shingoni: nira huacha sugu au sehemu isiyo na manyoya. Mfungue mdomo: meno yamejaa na yamelika. Ana uzito, ndiyo, lakini nyama ya mnyama mzee aliyefanya kazi ni ngumu. Inafaa supu, mchemsho na kusaga. Ukimuuzia mteja wa mishikaki hatarudi. Kundi la pili ni madume walionenepeshwa Shinyanga na Mwanza kwa mashudu na maganda ya mbegu za pamba. Manyoya yanang'aa, mzizi wa mkia umejaa, mbavu huwezi kuzihesabu kwa macho. Hawa ni wazuri kweli. Tatizo lao ni barabara: kutoka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Safari ndefu hupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito. Mwanzo kinachopungua ni mkojo, kinyesi na chakula cha tumboni, lakini akikaa siku ya pili bila maji na nyasi anaanza kula mwili wake mwenyewe. Zaidi ya hapo, mnyama aliyechoka huishiwa sukari ya akiba kwenye misuli, na nyama yake hutoka nyeusi, inanata, na inaharibika haraka hata ukiiweka kwenye friji. Dawa yake si ngumu: mpumzishe angalau saa 24 akiwa na maji na majani makavu, bila kupigwa wala kukimbizwa.

Wa kutoka Arusha na Manyara, kupitia minada kama Meserani, Themi na Weruweru, ndio wanaonivutia zaidi. Fremu ni pana kuliko ya Dodoma, na baadhi wana damu ya Boran au Sahiwal, mbegu za ng'ombe wa nundu wenye mwili mkubwa, kwa sababu wafugaji wengine hununua madume bora ya kupandishia. Angalia kipindi, lakini. Mwezi wa tano na wa sita, baada ya masika, wanakuja wamejaa. Mwezi wa tisa na wa kumi, Longido na Simanjiro zikiwa zimekauka, inakuja fremu pana isiyo na kitu juu yake. Kwa bucha, huyo mwache. Kwa mtu wa kunenepesha, huyo huyo ndiye dhahabu: dume mchanga aliyekonda kwa njaa, si kwa ugonjwa, akipata chakula huongeza kilo haraka kufidia. Na mkumbuke chapa: zikiwa nyingi ubavuni, mnunuzi wa ngozi atashusha bei.

Ankole, yule mwenye pembe za kupigia picha, huletwa kutoka Kagera na Kigoma. Nundu yake ni ndogo, nyama yake kavu isiyo na mafuta mengi. Pembe zinachukua nafasi kwenye gari na zinachubua wenzake. Mchubuko ukiingia ndani, nyama hiyo inakatwa na kutupwa. Ukijumlisha umbali, kwa mnunuzi wa Dar simpendekezi, labda bei yake iwe chini waziwazi. Akiwa kwao Karagwe ni habari nyingine.

Boran halisi, kwa mfano wa ranchi ya Kongwa, ni wachache mnadani. Asili yao ni nyanda za Waborana, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Paja la mviringo, mgongo mpana, nundu imara juu ya mabega. Dalali atakwambia "chotara wa Boran" kwa kila dume jekundu lenye nundu. Zunguka nyuma utazame paja, rangi isikushughulishe. Chotara wa maziwa kutoka Kilimanjaro na Tanga, weusi kwa weupe, wana mwili mkubwa lakini tumbo na mifupa vinakula kilo. Kwa jike aliyeondolewa kwenye maziwa uliza alichomwa sindano gani na lini, kwa sababu kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuchinja, zimeandikwa kwenye chupa.

Sasa kipimo. Kama mzani haupatikani, beba futi ya fundi cherehani. Pima mzingo wa kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, kisha urefu kuanzia ncha ya bega hadi mfupa wa nyuma ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, gawa kwa 10,840. Mzingo 150 na urefu 120 vinakupa kama kilo 249. Ni makadirio, lakini yanashinda jicho la dalali anayelipwa na muuzaji. Asimame sawa, kichwa mbele; akiinama kula, kipimo kinapotea.

Halafu mkono. Bonyeza kiuno na mzizi wa mkia. Ukigusa mfupa mtupu, hamna kitu. Meno mawili ya kudumu ni miaka kama miwili hadi miwili na nusu, manne ni kama mitatu, mdomo kujaa ni minne na kuendelea. Tumbo lililojaa kama pipa pande zote mbili huku mbavu zikionekana ni dalili ya kulishwa chumvi na kunyweshwa maji kabla ya mnada. Kilo hizo zitaishia kwenye mkojo. Kwa jike, hakikisha hana mimba kubwa: mji wa mimba wenye ndama unaweza kubeba kilo 30 au zaidi ambazo hutaziuza. Na waliolishwa mabondeni na kando ya majaruba ya mpunga, kama Usangu, hesabu uwezekano wa ini kukataliwa na mkaguzi kwa minyoo bapa. Usiliweke kwenye mahesabu ya faida.

Kwa mnenepeshaji mkoa una uzito mwingine. Ng'ombe wa nyanda kavu za Dodoma au Singida, ambako kupe ni wachache, ukimleta Pwani anakutana na ndigana kali inayoletwa na kupe na ndorobo inayoletwa na mbung'o, ambazo mwili wake haujazizoea. Anaweza kufa wiki chache baada ya kufika, na watu wakasema amerogwa. Wa Umasaini, muulize mwenye mali kama alichanjwa ndigana akiwa ndama. Waliochanjwa mara nyingi huwekewa hereni sikioni. Akifika kwako: mtenge, mwogeshe dawa ya kupe, mpe dawa ya minyoo, na mpime joto kila asubuhi kwa wiki tatu. Likipita nyuzi 39.5, mwite daktari siku hiyo hiyo. Pumba na mashudu anza kidogo, ongeza polepole kwa wiki mbili. Ukimjazia siku ya kwanza tumbo linachacha na anaanguka.

Chaguo langu kwa hela ile ile: bucha ya mtaani, Dodoma mwenye meno manne. Hoteli, aliyenenepeshwa Shinyanga na akapumzishwa. Wa kufuga siku 90, dume wa Kimasai mwenye meno mawili, anunuliwe mwezi wa kumi kabla mvua za vuli hazijapandisha bei. Harusi ya watu 300 inayotaka pilau, tafuta wawili wa kati badala ya mmoja mkubwa, na mchinje jana yake ili nyama ipoe kabla ya kukatwa.