Nairobi hadi Mombasa kwa baiskeli, siku 3: mteremko niliouziwa na kusi niliyokutana nayo

Aliyeniuzia safari hii alinimaliza kwa maneno machache kwenye simu: "Kaka, ni mteremko mtupu." Ukitazama ramani, hakudanganya. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwetu Mombasa nikifungua dirisha naisikia bahari yenyewe. Kilomita 480 hivi, siku 3, unateremka unakwenda zako nyumbani. Nikalipa shilingi 18,500 za malazi ya usiku 2, chakula cha jioni, fundi, gari la msaada na maji njiani. Baiskeli nikaivua gurudumu la mbele, nikaitia kwenye buti la basi, nami nikapanda basi hilo hilo kwenda Nairobi.

Jambo ambalo mtoto wa pwani hafai kulisahau, nami nililisahau: tulikuwa Agosti, na Agosti ni kusi, upepo utokao kusini. Babu yangu alikuwa baharia wa majahazi. Nimekua nikisikia kwamba vyombo vya Arabuni vilikuja na kaskazi vikarudi na kusi. Sasa itazame barabara: kutoka Nairobi inaelekea kusini-mashariki karibu njia yote. Yaani unakokwenda ndiko upepo unakotoka. Kuna mahali baada ya Sultan Hamud niliacha kukanyaga pedali kwenye mteremko ili nipumzike, baiskeli ikapunguza mwendo yenyewe kama imeshikwa mkia. Hapo ndipo nilipomkumbuka babu, nikajicheka.

Siku ya kwanza tulitoka Mlolongo alfajiri, watu 23, taa nyekundu nyuma, tukapita mizani ya Athi River kabla malori hayajaanza kufoka. Lengo lilikuwa Makindu, kama kilomita 150. Wengi hudhani ugumu wa barabara hii ni urefu wake. Kwangu mimi ugumu ulikuwa ukingo wa lami. Pale Salama (jina tu) lami imemeguka pembeni kama mkate ulioumwa, na chini yake kuna kishimo cha kiganja kizima kabla ya kufika kwenye changarawe. Trela likikupigia honi nyuma huku jingine linakuja mbele, huna mahali pa kwenda ila hapo chini. Tairi zangu ni za upana wa milimita 32 na zilinistahimili. Jamaa mmoja aliyekuja na tairi nyembamba za mashindano alipinda rimu kabla ya Emali, akamaliza siku ndani ya gari.

Mimi nilitoboka mara 2 kabla ya saa sita mchana, na hapa lazima nimsifu fundi. Mara ya kwanza nilitia tyubu mpya mwenyewe, nikajaza upepo, nikaenda kilomita 4 tu ikalala tena. Fundi alipofika hakutafuta mwiba. Alitoa pamba mfukoni, akaipitisha taratibu ndani ya tairi kwa vidole viwili, mpaka pamba ikanasa. Akachomoa kwa kikata kucha uwaya mwembamba kama unywele wa farasi, mfupi kuliko punje ya mchele. Matairi ya malori yakipasuka huacha nyaya kama hizo barabara nzima, na kwa macho huzioni. "Miiba ya migunga ni rahisi, mwiba unauona," aliniambia. Tangu siku hiyo natembea na pamba kwenye mkoba wa kiti.

Malazi ya Makindu nitayapita haraka. Vyumba vilikuwa pungufu, tukalala watatu kwenye kitanda cha wawili, na chakula cha jioni tulichokilipia hakikuwa kimetiwa hata jikoni tulipofika. Kilichotuokoa ni hekalu la Masikh lililo pale pale kando ya barabara. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa mikono, unakaa na wasafiri wengine, unaletewa chapati, dengu na chai ya maziwa. Hakuna anayekuuliza dini wala pesa. Nilikula chapati 7 na sioni haya kusema. Ukiwa na uwezo weka chochote kwenye sanduku la sadaka.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya. Kutoka Mtito Andei hadi Voi ni karibu kilomita 100 katikati ya Tsavo, mbuga mkono huu na mbuga mkono ule. Joto lilipanda, upepo haukupungua, na gari la msaada likaamua kufuatana na wale wenye mbio mbele. Sisi wanne wa nyuma tulipishana zamu ya kukata upepo, mmoja mbele dakika chache, wengine wamejibana nyuma yake. Chupa zikaisha kabla hatujafika daraja la mto Tsavo, pale simba wawili walipowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Tulimpigia msimamizi simu, akasema anakuja. Hakuja. Ndovu tuliwaona, wekundu wa vumbi, karibu na tuta la reli, lakini kiu haikuacha mtu afurahie kitu. Aliyetupa maji ni utingo wa lori lililoharibika kando ya njia, mtungi wa lita 5, akakataa hata mia. Gari la msaada tulilikuta Voi, limeegeshwa hotelini, katoni za maji zimejaa nyuma.

Nililalamika pale pale. Nikajibiwa kwamba kundi lilitakiwa kwenda pamoja. Basi wangetuambia kabla ya kulipa kwamba aliye polepole atajitegemea, na mimi ningefunga chupa ya tatu. Siku ya tatu nilifunga.

Na siku ya tatu, niseme ukweli, ilikuwa tamu. Mackinnon Road tulisimama kwenye msikiti wa Sayyid Baghali, ambaye wazee husema alipokuwa akijenga reli karai la mawe lilikuwa likielea juu ya kichwa chake. Tukasali adhuhuri na alasiri kwa pamoja, kama msafiri anavyoruhusiwa, magoti yakilia kuliko imamu. Taru ni ukame na vumbi, Samburu vivyo hivyo. Halafu unafika Mariakani, minazi inaanza, na ule upepo uliokupiga kofi siku 3 unageuka kuwa na unyevu na harufu ya kwetu. Mazeras mama mmoja alinikatia dafu, akanitazama miguu, akaniuliza, "Mwanangu, nauli ya basi imekushinda?" Nikashindwa kujibu kwa kicheko.

Makupa, mlangoni mwa Mombasa, nilifika magharibi, makalio yamechubuka pamoja na mafuta yote niliyojipaka, vidole viwili vya mkono wa kushoto havina hisia. Vilirudi baada ya wiki.

Je, ningelipa tena? Kwa fundi yule, ndiyo, hata leo. Kwa gari la msaada, hapana, mpaka wawe na magari mawili, moja la mbele na moja la nyuma. Atakayekwenda na asikubali chini ya lita 3 za maji mwilini mwa baiskeli yake kabla ya kuingia Tsavo, hata aahidiwe nini.

Ila mimi mwakani kusi ikishika nataka kuondoka Mombasa niende Nairobi. Mlima ni mrefu lakini haukupulizii usoni. Nimeshampigia fundi kumuuliza kama atanisindikiza. Alicheka, akaniuliza kama nina pamba ya kutosha.